Mume wangu ana figo ya kupewa, katoka mba na kidonda cha mguu hakifungi, nimpake nini?

UmmuNuru

Assalam aleikum, na wengine hamjambo. Naomba msaada kwa yeyote aliyepitia hili ama anayelijua. Mume wangu aliwekewa figo India mwaka juzi, aliyempa ni kakake mkubwa, baba mmoja mama mmoja, na alhamdulillah tangu hapo mashine ya kuosha damu hatujaiona tena, kazi yuwafanya, mkojo sawa, kreatini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, kila tukipima madaktari wanafurahi. Anameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo: takrolimasi asubuhi na usiku, maikofenoleti, na predinisoloni kidogo.

Sasa tangu hili joto la kaskazi lianze ngozi yake imekuwa na mambo. Kifuani na mgongoni katoka mabaka meupe kama ya mba, akijikuna yanatoa unga mwembamba, na yanapanda tu, saa hii yashafika shingoni. Halafu juu ya kifundo cha mguu wa kushoto alikwaruzwa na bati la banda la kuku hapa nyumbani, kikwaruzo chenyewe kidogo hata hatukukijali, lakini kimekataa kufunga na pembeni ngozi imevimba inang'aa, ukiigusa ina moto. Homa hana, nimempima mara kadhaa.

Alikwenda mwenyewe duka la dawa, kijana pale akamwangalia kifua akampa tembe za fangasi, flukonazoli, ati ameze wiki mbili, na tyubu ya krimu ambayo hata karatasi ndani haina. Hakuulizwa kama kuna dawa nyengine anazomeza. Tembe ashazianza. Mama mkwe naye kachemsha mwarobaini yuwataka amwogeshe na mengine anywe, jirani asema tumpeleke Nyali akaloweke mguu baharini chumvi itakausha. Na mama ana swali lake jengine ambalo hata mie sina jibu, asema figo si ya mtu baki ni ya nduguye wa damu, kwani hizo dawa za kushusha kinga bado ni za nini, si azipunguze kidogo ngozi ipate nguvu?

Daktari wa figo tuna miadi naye mwezi ujao. Nisubiri ama vipi? Na jambo jengine dogo tu, siku hizi akishika kikombe cha kahawa mkono wamtetemeka, sijui ni uchovu wa kazi au ni hili joto.

mvuvi_wa_Mtwapa

Pole sana dada. Mie si daktari lakini hiyo ya bahari usiipuuze, sisi tukikatwa na mwamba twajitia maji ya chumvi na kidonda chakauka chenyewe. Mwarobaini nao wazee wetu wote wameuogea. Hizi dawa za hospitali nazo zimezidi, mtu anatafuna tembe kama njugu. Mpunguzieni, mwili upate nafasi ya kujipigania.

Fundi wa Tembe

UmmuNuru dadangu, hebu turudi kwenye hicho kikombe cha kahawa. Wewe umekiweka mwisho kabisa, mie ndo nimeanzia hapo. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka mingi hapa mjini na hii hadithi naijua.

Takrolimasi mwilini huvunjwa na kimeng'enya kilichoko kwenye ini na matumbo. Flukonazoli ikiingia inakizuia hicho kimeng'enya kisifanye kazi. Kwa hiyo dozi ile ile anayomeza kila siku sasa haiondoki vile inavyotakiwa, inajilimbikiza kwenye damu, siku chache tu ishapanda. Na ikipanda, kwa watu wengi kinachoonekana mwanzo ni mikono kutetemeka, mwengine kichwa kinamuuma, mwengine usingizi wamruka, sukari nayo hupanda. Ile inayotisha zaidi ndo haionekani kabisa, figo yenyewe inaumizwa na dawa na mtu hajui chochote mpaka apime kreatini. Yaani mtu kaenda kutibiwa mba karudi na tembe ya kumuumizia figo aliyoivukia bahari kuitafuta. Huyo kijana angeuliza swali moja tu, "wameza dawa gani nyengine", tusingekuwa hapa.

Sisemi flukonazoli ni sumu, madaktari wa figo wenyewe huiandika ikibidi, lakini wakiiandika wao wanashusha takrolimasi kwa hesabu na wanapima damu karibu karibu. Shida ni kuinunua dukani na takrolimasi iko vile vile.

Kwa hiyo miadi ya mwezi ujao usiingoje. Pigia kliniki yake simu leo, sio kesho, uwaambie ni flukonazoli ya miligramu ngapi, ameanza siku gani, mkono watetemeka, na kidonda kiko hivi na hivi. Asimeze tembe nyengine ya flukonazoli mpaka muwe mumeongea nao. Takrolimasi nayo asiiruke wala asiipunguze kwa kichwa chake, wao ndo watasema. Wakimwita kupimwa levo, yaani kiasi cha dawa kwenye damu, asubuhi, asimeze ile dozi ya asubuhi nyumbani, aende nayo mfukoni, atolewe damu kwanza ndo aimeze pale pale. Kipimo kile chataka kiasi kilichobaki baada ya saa 12, akimeza kabla namba itatoka kubwa ya uongo na daktari atapunguza dawa bure. Hili watu wengi hawalijui, na ni jambo la kuambiwa mara moja tu. Jengine, hata akiiacha flukonazoli leo hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hivyo usishangae wakitaka damu tena wiki ijayo, manake levo iliyopanda itaanza kushuka na ikishuka sana nayo ni balaa la upande wa pili.

Haya, mba yenyewe. Fangasi zake ziko kwenye ngozi ya kila mtu, mie ninazo na wewe unazo. Zapenda mafuta ya ngozi na jasho, na Mombasa mwezi wa pili nani hana jasho. Kwa mtu aliyeshushwa kinga zinapata uwanja. Lakini mara nyingi hata hazitaki tembe. Kuna shampuu ya ketokonazoli, kuna ya seleniamu, anajipaka kifuani na mgongoni akiwa bafuni anaacha dakika kadhaa halafu anasuuza, ama krimu ya klotrimazoli kama mahali penyewe ni padogo. Ketokonazoli ya tembe ni mbaya kwake kuliko hata hiyo flukonazoli, lakini ya shampuu haiingii kwenye damu kiasi cha kusumbua. Na mkishatibu msitazame weupe. Fangasi hufa mapema, rangi ndo huchelewa, yaweza kuchukua wiki nyingi hata miezi, watu wakiona bado mabaka wanasema dawa haifanyi kazi wanarudi kununua tembe.

Hiyo tyubu isome maandishi madogo ubavuni. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, iweke kando. Hizi krimu za mchanganyiko zina stiroidi kali, muwasho hukatika siku mbili mtu akafurahi, kumbe fangasi zinatambaa chini kwa chini na ngozi inazidi kuwa nyembamba, na yake ishakonda kwa predinisoloni.

Na madhali tuko hapa, akienda duka lolote aseme neno "figo" kabla hajasema anaumwa nini. Antibayotiki za erithromaisini na klarithromaisini nazo zapandisha levo. Rifampisini ya TB yaishusha mpaka mwili unaweza kuikataa figo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na brufeni zenyewe hazigombani na takrolimasi kwenye ini, ila zinaibana damu inayoingia figoni. Balungi asile, wala juisi yake.

BiMkubwa_Likoni

Waaleikum salaam mwanangu. Huyo fundi kasema vyema sana. Mie naongezea mguu, kwani mba haimuui mtu, ule mguu ndo ulionifanya nivae miwani niandike. Nimestaafu lakini nimefanya wodini miaka na miaka.

Hiyo ya "homa hana" usiitegemee. Predinisoloni na wenzake huificha homa, mtu wa figo anaweza kuwa na usaha ndani na kipimajoto chasema kila kitu sawa. Na ule wekundu unaosemwa vitabuni, kwenye ngozi zetu nyeusi hauonekani ukaukubali, wauona kama weusi uliozidi au kama zambarau ya mbali. Wewe tazama mambo mengine: ngozi kung'aa na kukazana, uvimbe, maumivu yanayozidi ukubwa wa kidonda, na joto. Joto lipime kwa mgongo wa mkono wako, mguu huu halafu ule. Umenitajia kuvimba, kung'aa na moto, kwangu mie hiyo ni selulaitisi, maambukizi ya bakteria ndani ya ngozi, mpaka daktari aikatae, na mtu wa figo hatibiwi selulaitisi kwa simu. Leo aonwe.

Wakati mwajitayarisha chukua kalamu ya wino, uzungushe pale uvimbe ulipoishia, uandike na saa pembeni. Ukivuka ule mstari hutasema "labda", utajua. Na ukiona malengelenge, au ngozi yageuka rangi kuwa kama imekufa, au maumivu makali halafu ghafla ganzi, au anatetemeka kwa baridi au anaongea maneno yasiyoeleweka, hapo ni gari la kwanza mnalolipata hata kama ni saa tisa usiku.

Wakitaka kutoa usaha au kukata kipande kidogo cha ngozi wakapime, ndo biopsi hiyo, msikatae. Kwa mtu wa kawaida vidudu vya mguu twavijua ni viwili vitatu, waanza dawa yaisha. Kwa mtu wa figo kuna wageni. Kuna fangasi aitwaye kriptokokasi ambaye akiingia ngozini huiga selulaitisi hata daktari akaapa ni yenyewe, kuna bakteria aitwaye nokadia, kuna jamii za TB zinazokaa kwenye maji na udongo. Kwa hivyo akipewa antibayotiki na siku mbili tatu hakuna nafuu, jambo la kuuliza ni "biopsi lini", sio kubadilisha antibayotiki nyengine na nyengine. Na kwa kuwa ni bati la banda la kuku, waulizeni na sindano ya pepopunda, ile si chanjo hai, yeye anaweza kuchomwa. Zilizo hai kama ya surua ama ya homa ya manjano ndo hapana. Na sukari apimwe pia, takrolimasi na stiroidi kama hiyo predinisoloni zikikutana hupandisha sukari kwa mtu ambaye hakuwa nayo, na sukari ikipanda vidonda na fangasi ndo havikomi.

Mwarobaini kwenye kidonda wazi hapana, wa kunywa ndo hapana kabisa, hakuna anayejua kikombe kimoja kina dozi gani. Lakini usigombane na mama mkwe wako, mwambie daktari kakataza, lawama abebe daktari, kazi yetu ndo hiyo.

mvuvi_wa_Mtwapa

Bi Mkubwa na bahari je? Mie nimezaliwa majini, sijaona mtu kafa kwa maji ya chumvi.

BiMkubwa_Likoni

Wewe una kinga yako kamili mwanangu, na huyo ameshushiwa yake kwa makusudi ili figo ikae. Kwenye maji ya bahari yenye joto kuna vidudu vya jamii ya vibrio, wewe vyakupitia tu, lakini vikiingia kwenye kidonda cha mtu wa kinga ndogo au mwenye ini bovu, mguu unaweza kuharibika kwa siku moja mbili na roho ikaondoka nayo. Mpaka kidonda kifunge kabisa asitie mguu baharini, na samaki mbichi na pweza akiwa na mikwaruzo mikononi asiwashike kutengeneza. Hasa kamba na chaza wenye miiba na magamba. Mkewe atamtengenezea.

mvuvi_wa_Mtwapa

Haya nimekubali ya bahari. Ya dawa kuzidi sijakubali bado.

FigoYaPili

Mvuvi kaka yangu nisikilize mie nisiye daktari wala nesi, mie ndo mgonjwa mwenyewe. Figo niliyonayo alinipa dadangu, tumbo moja. Na dawa nameza kila saa 12 na nitameza mpaka figo ichoke au mie nichoke.

UmmuNuru mwambie mama hivi, kwa heshima. Ndugu wa damu hulingana nusu, wengine zaidi, wengine hawalingani kabisa, na mwili hauulizi huyu ni nani, ukiona chembe si zake waanza vita. Wasiohitaji dawa ni pacha wa kufanana tu, waliotoka yai moja. Ndo mana ile figo ya kwanza kufanikiwa, Boston mwaka 1954, figo ya Ronald Herrick daktari Joseph Murray alimwekea pachake Richard, ikashika bila dawa. Wasiokuwa pacha waliteseka sana miaka iliyofuata, mpaka zikaja dawa, na saiklosporini kwenye miaka ya 1980 ndo ikafungua mlango kweli. Huyo mumeo hana pacha, ana kaka. Akizipunguza mwenyewe ili ngozi ipone atapona mba arudi kwenye mashine, na kaka hana figo nyengine ya kumpa.

Ngozi kwa sisi ni kazi ya kila siku, hilo wakati wa kutoka hospitali hatukuambiwa vizuri, tuliambiwa kreatini na presha tu. Mie miezi ya kwanza nilikuwa na tembe za kuzuia virusi, valgansaiklovia, pamoja na Septrin, ngozi safi. Nilipomaliza zile za virusi, baada ya muda nikaanza maumivu ubavuni, ya kuchoma, upande mmoja tu, hakuna kitu juu ya ngozi. Nyumbani wakasema ni gesi, nikakandwa na mafuta. Halafu vikatokeza vipele vya maji kwa mstari kutoka mgongoni kuja kifuani. Mkanda wa jeshi. Nikapiga kliniki wakaniambia njoo sasa hivi usimalize hata chai, manake dawa yake, asaiklovia au ndugu zake, inataka kuanzwa ndani ya saa 72, na kwa watu wetu ule mkanda unaweza kuacha mstari ukasambaa mwili mzima mpaka ndani. Na dozi yake hupigwa hesabu kwa nguvu ya figo, ile ya jirani yako haikufai. Kwa hivyo maumivu ya kuchoma upande mmoja msiyakande, yasubirieni kwa jicho kali. Na mtoto akija nyumbani na tetekuwanga, na mumeo hana uhakika kama alipata utotoni, piga simu siku hiyo hiyo kabla hajatoka hata kipele kimoja.

Chunjua nazo. Zilianza kidole cha shahada, zikahamia mkono wa pili, kinyozi wangu akataka kuzikata na wembe nikamwambia weka chini hiyo. Hospitali walizichoma kwa baridi, zikaondoka, zikarudi, zikaondoka nyengine. Kwa sisi ni hivyo, kirusi chake kinga ndo humfunga na sisi kinga hatuna ya kutosha. Zinazokaa vile vile hazinitishi, inayokua haraka, inayotoka damu au inayogeuka kidonda ndo naipeleka, manake zingine kwa watu wa figo hugeuka saratani, hasa sehemu zinazopigwa jua na sehemu za siri. Wale weupe, Waarabu wetu na Wahindi na ndugu zetu zeruzeru, jua lao ni hesabu nyengine kabisa, kofia na mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua hata kama ni mawingu.

Kwa joto la hapa mie nafanya mambo madogo madogo. Fulana za pamba, ikilowa jasho nabadilisha hata mara tatu kwa siku, nailoni sivai. Naoga jioni maji ya bomba sio ya kisima cha chumvi, najikausha kwapani na katikati ya vidole mpaka pakauke kweli. Taulo langu langu. Msikitini natawadha nyumbani, na nikienda Ijumaa nina kandambili zangu sitii mguu kwenye ile sakafu yenye maji, fangasi za vidole zinaishi pale. Wembe wa kinyozi natoka nao nyumbani. Harara nikitoka siipaki kitu, nakaa feni. Mke wangu ndo hunikagua mgongo Ijumaa asubuhi kabla ya kuoga, mie mgongo wangu siuoni, yeye auona, na nyayo pia.

Bint_Majengo

Nadandia hapo hapo jameni, dadangu ni wa figo pia na mwezi huu tuna harusi, yeye ndo dada wa bibi harusi, yuwataka singo na piko kama wenziwe. Nimruhusu?

Fundi wa Tembe

Singo laini ya liwa na maua isiyokwaruza, kwenye ngozi isiyo na kidonda wala kipele, na iwe ya kwake mwenyewe sio kuchota kwenye bakuli la wote, sina ugomvi nayo. Ile ya kusugua mpaka ngozi iwe nyekundu hapana, ngozi ya mtu wa predinisoloni huchanika upesi na kila mchaniko ni mlango. Hina ya majani ya kawaida sawa. Piko nyeusi ile ya kukolea kwa dakika kumi haina majani, ni rangi ya nywele ya paketi, ina kemikali inayoweza kuunguza ngozi ikatoka malengelenge kufuata ua lenyewe, nimewaona mabibi harusi wazima wenye kinga zao wamekuja dukani mikono imevimba. Mwambie avae dhahabu, atapendeza.

UmmuNuru

Wallahi Mungu awalipe kheri nyote. Nilipiga simu ile ile jioni nilipomsoma Fundi, wakasema flukonazoli aache na aje asubuhi bila kumeza dozi, akaenda nayo mfukoni kama alivyosema. Levo ilikuwa juu sana na kreatini ilipanda kidogo, daktari mwenyewe ndo akatwambia mtetemo umetoka hapo. Wakampunguzia takrolimasi kwa siku chache kwa mpango wao halafu wakamrudisha polepole, wanapima damu kila mara. Mguu walipouona hawakutaka hata kutusikiliza ati turudi nyumbani, kalazwa, antibayotiki kwenye mshipa, na kabla ya dawa walichukua usaha wakapeleka maabara. Mstari wangu wa kalamu daktari kijana aliupiga picha akawaonyesha wenziwe. Uvimbe umerudi ndani ya mstari na sasa yuwatembea wodini analalamika chakula hakina chumvi, nikajua huyu kapona.

Sukari ilikuwa imepanda kidogo kama Bi Mkubwa alivyosema, yafuatiliwa. Mba kapewa shampuu. Ile tyubu nilisoma na miwani ya mama mkwe mwenyewe, ilikuwa na klobetasoli. Mama nilimweleza ya pacha wa Boston akanyamaza kidogo akasema basi kumbe hata damu ina wivu, akaondoka zake jikoni.

mvuvi_wa_Mtwapa

Alhamdulillah dada. Sasa nami nina swali na msinicheke. Ami yangu aliwekewa figo miaka kadhaa nyuma, yeye hana mba wala kidonda, lakini mguuni ana madoa meusi meusi kama zambarau, hayaumi wala hayawashi, mawili yameanza kuinuka kama kunde. Na huo mguu mmoja umevimba kuliko mwengine. Yeye asema ni damu ya uzee imetuama. Hajamwambia daktari kwa vile hayaumi.

BiMkubwa_Likoni

Hakuna wa kukucheka. Hayo ndo ya kuonyesha wiki hii hii, na kutoumia kusiwapumbaze, hayo mara nyingi hayaumi. Kuna kitu chaitwa Kaposi, ni aina ya saratani inayotoka kwenye mishipa midogo ya ngozi, na kwa watu wetu wa Afrika waliowekewa figo ni moja ya zile tunazoziangalia zaidi. Sisemi ni yenyewe, kwa maandishi siwezi, lakini madoa ya zambarau pamoja na mguu kuvimba hayo hayangojwi. Mwambie afungue mdomo mtazame kaakaa la juu na fizi kama kuna doa la rangi hiyo, na amwambie daktari kama anakohoa au choo kina damu, kwani huweza kukaa ndani pia.

mvuvi_wa_Mtwapa

Kaposi si ile ya wagonjwa wa ukimwi? Ami yangu ni mtu wa heshima zake, akisikia jina hilo hatoki nyumbani.

BiMkubwa_Likoni

Watu waliijua zaidi kupitia ukimwi, lakini kirusi chake ni chengine, ni cha ukoo wa hepesi, chaitwa namba 8, wengi hukipata hata utotoni kwa mate na hukaa kimelala. Kinga ikishuka kwa sababu yoyote kinaamka, na yeye kinga yake imeshushwa na tembe. Hakuna aibu hapo. Na hapa sasa ndo pale uliposema dawa zipunguzwe, kwa ugonjwa huu madaktari wenyewe ndo huzipunguza, na mara nyingi humbadilisha kutoka takrolimasi kwenda sirolimasi ambayo huilinda figo na huku yaubana ugonjwa, wengine madoa hunywea bila dawa kali za saratani. Lakini ni wao, kwa biopsi mkononi na damu wanapima. Akizipunguza ami yako mwenyewe nyumbani atapoteza figo na madoa yabaki.

mvuvi_wa_Mtwapa

Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Kafungua mdomo, nimemulika na simu, kaakaani kuna doa moja. Amekubali twende Jumatatu. Nikutumie picha kwanza uione?

BiMkubwa_Likoni

Picha usitume hapa wala kwangu, kwenye simu madoa yote hufanana. Na Jumatatu mbali, jaribuni kesho. Aende na dawa zake zote kwenye mfuko, na za kienyeji kama zipo, asifiche hata moja. Avae kikoi au suruali pana ya kupandishwa mpaka pajani, wataangalia mguu mzima.